Mkulima wa Quesnay na Mkulima wa Jefferson: Neno Lililovuka Bahari Bila Hesabu Yake

Ikisiri

Imezoeleka kusemwa kwamba itikadi ya jamhuri ya wakulima, iliyotawala sehemu kubwa ya fikra za kisiasa za Marekani baada ya uhuru, ilichota mizizi yake katika mafunzo ya wanauchumi wa Ufaransa wa karne ya 18. Makala haya yanaikagua kauli hiyo kwa kuyasoma maneno yenyewe: nani aliitwa mkulima, nani aliitwa tasa, na ziada ya shamba ilihesabiwa kuwa ya nani. Yanadai kwamba kilichovuka Atlantiki ni heshima ya neno, si hesabu iliyolibeba, na kwamba hasara hiyo haikutokea kwa bahati tu katika nchi ambamo wengi wa walioshika jembe walikuwa watumwa.

Ushahidi unaotajwa na tarehe zake

Mwaka 1785, akiwa mwakilishi wa nchi yake mjini Paris, Thomas Jefferson alichapisha nakala 200 za kitabu chake kuhusu jimbo la Virginia, azigawe kwa marafiki. Kitabu hicho kilizaliwa na maswali ya Mfaransa. François Barbé-Marbois, katibu wa ubalozi wa Ufaransa mjini Philadelphia, alikuwa amesambaza orodha ya maswali kuhusu majimbo mapya, na Jefferson aliyajibu moja baada ya jingine. Swali la 19 lilihusu viwanda na biashara. Jibu lake lina takwimu chache na sifa nyingi: wanaolima wanapewa hadhi inayokaribia utakatifu, mikusanyiko ya watu mijini inafananishwa na vidonda mwilini, na viwanda vinashauriwa vibakie Ulaya.

Kurasa hizo chache ndizo zinazotajwa kila panapotafutwa alama ya Ufaransa katika fikra za Wamarekani wa awali. Hoja hujengwa kwa hatua mbili. Wafisiokrati, yaani wanafunzi wa François Quesnay ambao wenyewe walijiita Wanauchumi, walifundisha kwamba kilimo ndicho chanzo pekee cha utajiri mpya. Jefferson aliwatukuza wakulima. Basi Jefferson alikuwa mwanafunzi wao. Tatizo la kwanza ni la kalenda. Jibu hilo liliandikwa kati ya 1781 na 1782, ilhali Jefferson aliwasili Ufaransa mwaka 1784. Benjamin Franklin naye alikwisha kuandika mwaka 1751 insha kuhusu ongezeko la watu, ambamo wingi wa ardhi ndio unaoamua idadi ya ndoa, ujira wa kazi na hatima ya viwanda. Mwaka huo Quesnay alikuwa tabibu katika kasri la Versailles na hakuwa ametoa makala hata moja ya uchumi.

Haitoshi, hata hivyo, kuishia kwenye tarehe. Manuela Albertone, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu utambulisho wa taifa na jamhuri ya wakulima, amekusanya ushahidi wa barua, tafsiri na urafiki unaoonyesha kwamba mazungumzo kati ya pande hizo mbili yalikuwa ya kweli na ya muda mrefu. Sifa kubwa ya kazi hiyo ni kumwondolea Jefferson tuhuma ya kuwa mtu wa kutamani enzi zilizopita: itikadi ya wakulima inaonekana kuwa fikra ya kisasa, yenye nadharia ya uchumi, iliyoshindana na mfano wa Uingereza. Hilo linakubalika. Lakini historia ya mawazo inapofuata safari ya wazo kutoka mwandishi hadi mwandishi, hulipa nafasi ndogo swali lililo mbele ya kila mfasiri: je, neno lililotoka upande mmoja ndilo lile lile lililopokelewa upande wa pili?

Mkulima wa Quesnay

Quesnay alianza kuandika kuhusu uchumi katika Ensaiklopidia ya Diderot. Makala yake kuhusu wakulima wapangaji ilitoka mwaka 1756, na ile ya nafaka mwaka 1757. Ndani yake anatofautisha kilimo cha aina mbili. Kipo kilimo kikubwa, cha farasi, cha shamba pana lililokodishwa na mtu mwenye mtaji wake. Na kipo kilimo kidogo, cha maksai, cha maskini anayelima ardhi ya mwingine na kugawana naye mavuno. Moyo wa Quesnay uko kwa wa kwanza. Mkulima anayemsifu si mnyonge wa kijijini. Ni mwekezaji: anakodi ardhi, ananunua farasi na zana, anaajiri vibarua, anauza nafaka sokoni, na anataka soko hilo liwe huru. Yule wa pili, kwa maoni ya Quesnay, ni dalili ya ufukara wa nchi.

Jedwali la kiuchumi la mwaka 1758 lilimweka mtu huyo katika mfumo. Jamii iligawanywa katika matabaka matatu. La kwanza ni la wazalishaji, yaani wakulima. La pili ni la wamiliki wa ardhi, wanaopokea pango. La tatu ni la mafundi na wafanyabiashara, ambalo Quesnay aliliita tasa. Neno hili linahitaji uangalifu. Kwa Kiswahili, kama ilivyo kwa Kifaransa, tasa ni neno lenye kuumiza, na wasomaji wa zama hizo waliumia. Katika mfumo wa Quesnay, hata hivyo, lina maana ya kihesabu tu: fundi hurudisha thamani ya malighafi na chakula alichotumia, wala haongezi kitu juu yake. Ardhi peke yake ndiyo inayorudisha zaidi ya ilichopewa. Tofauti hiyo ndiyo ziada halisi, nayo huenda kwa mmiliki kama pango, naye huitumia, nusu kwa mazao na nusu kwa bidhaa za mafundi, mpaka mzunguko unaanza upya.

Uzito wa mfumo huu hauko katika sifa za shamba. Sifa za shamba ni za kale kuliko Ufaransa yenyewe. Jefferson angeweza kuzipata kwa washairi wa Kirumi aliowasoma tangu ujana. Upya wa Quesnay uko katika swali: ziada inatoka wapi, inapita mikononi mwa nani, na inaishia kwa nani? Kutokana na swali hilo yalizaliwa mapendekezo yake ya sera. Kwa kuwa ziada yote huishia kwa mmiliki wa ardhi, kodi iwe moja, nayo ilipwe na mmiliki kutokana na ziada hiyo. Kwa kuwa bei nzuri ya nafaka ndiyo inayompa mkulima mtaji, biashara ya nafaka iachwe huru. Na kwa kuwa sheria za uchumi ni sheria za maumbile, mfalme mmoja mwenye nguvu anatosha kuzitekeleza. Le Mercier de la Rivière aliuita utaratibu huo mwaka 1767 utawala wa kiimla wa kisheria. Turgot, ambaye hakuwa mfuasi kamili, alilijaribu pendekezo la nafaka alipokuwa waziri wa fedha. Aliifungua biashara hiyo mwaka 1774, ghasia za unga zikazuka 1775, na 1776 akaondolewa.

Matabaka mawili ndani ya mtu mmoja

Franklin aliwafahamu watu hawa kabla ya Mmarekani mwingine yeyote mashuhuri. Alifika Paris mwaka 1767, akajuana na wafuasi wa Quesnay, na mwaka 1769 akaandika waraka mfupi kuhusu njia za taifa kupata utajiri. Kwa maelezo yake njia ni tatu: vita, ambavyo ni unyang'anyi, biashara, ambayo kwa kawaida ni udanganyifu, na kilimo, ambacho peke yake ni cha haki. Hapa mwangwi wa Wafaransa unasikika waziwazi. Ila tayari kuna mteremko. Kwa Quesnay, mfanyabiashara hazalishi. Kwa Franklin, mfanyabiashara hudanganya. Kauli ya uhasibu imegeuka kuwa kauli ya maadili.

Kwa Jefferson mteremko huo unakamilika. Mnamo Oktoba 1785, akiwa Fontainebleau, alimwandikia James Madison barua baada ya kuzungumza njiani na mwanamke maskini asiye na ardhi, katika nchi ambamo mashamba mapana yaliachwa bila kulimwa kwa ajili ya uwindaji wa wakubwa. Mapendekezo yake yalikuwa mirathi igawanywe, wenye mali ndogo wasitozwe kodi, na mali kubwa zitozwe kwa kiwango kinachopanda. Wenye mashamba madogo, alisema, ndio sehemu yenye thamani kuliko zote katika nchi.

Anayesoma barua hiyo akiwa na Jedwali la Quesnay mkononi hawezi kukosa kuona umbali uliopo. Mkulima wa Quesnay hana ardhi, ana mtaji. Mkulima wa Jefferson ana ardhi, na mtaji wake hautajwi. Mmoja anatakiwa awe mkubwa, mwingine anatakiwa abaki mdogo. Lililo zito zaidi ni kwamba Jefferson amewaunganisha mzalishaji na mmiliki katika mwili mmoja. Kisiasa huo ni uvumbuzi mkubwa, kwa sababu mtu huyo hamtegemei bwana wala mteja, na kura yake hainunuliki. Kiuchumi, Jedwali limevunjika. Mahali ambapo mwenye ardhi ndiye mkulima, pango halihami kutoka mkono hadi mkono, na swali la nani anapokea ziada linakosa pa kuulizwa.

Kodi ndiyo inayothibitisha jambo hili kuliko barua zote. Kama itikadi ya wakulima ingekuwa mtoto wa Quesnay, wafuasi wake wangedai kodi ya ardhi. Walifanya kinyume. Bunge lilipopitisha mwaka 1798 kodi ya moja kwa moja ya dola milioni 2 juu ya ardhi, nyumba na watumwa, wakulima wa Pennsylvania wenye asili ya Ujerumani waliasi mwaka 1799, na chama cha Jefferson kilivuna kura kutokana na hasira hizo. Alipokuwa rais, kodi za ndani zilifutwa mwaka 1802, na serikali ya jamhuri ya wakulima ikaendeshwa hasa kwa ushuru wa forodha, yaani kwa biashara ile ile iliyosemwa vibaya. Pendekezo kuu la kisera la Wafisiokrati halikupata hata nusu ya nafasi.

Aliyeyakaribia zaidi mafunzo ya Wafaransa alikuwa George Logan, tabibu na mkulima wa Pennsylvania, katika barua zake za mwaka 1791 kwa wenye mashamba wa Marekani. Lakini maelezo yaliyosomwa kwa uzito zaidi katika mwaka huo kuhusu tasnifu kwamba kilimo peke yake huzalisha yalitoka kwa adui wake. Alexander Hamilton aliifungua ripoti yake kuhusu viwanda, ya Desemba 1791, kwa kuieleza tasnifu hiyo na kuipinga, kwa silaha alizozichukua kwa Adam Smith. Hivyo Wamarekani wengi walimjua Quesnay kupitia kwa waliomkosoa.

Aliye ndani ya hesabu na aliye nje ya neno

Sensa ya kwanza ya Marekani, ya mwaka 1790, ilihesabu watu wapatao milioni 3.9, na karibu 700,000 kati yao walikuwa watumwa. Zaidi ya 290,000 walikuwa Virginia. Katika maisha yake Jefferson aliwamiliki watu zaidi ya 600. Sifa ya wanaofanya kazi katika ardhi iliandikwa na mtu ambaye katika ardhi yake waliofanya kazi hawakuwa wateule wa yeyote. Tena sura inayotangulia sifa hizo, ya 18, inakiri kwamba katika nchi ya joto mtu mwenye uwezo wa kumfanyisha mwingine kazi hafanyi mwenyewe. Sura mbili zinazofuatana katika kitabu kimoja zinakanushana, na itikadi iliyojengwa juu ya kitabu hicho iliichagua ya pili.

Wafaransa hawakuwa safi katika jambo hili. Le Mercier alikuwa mtawala wa Martinique, kisiwa cha miwa na minyororo, kabla ya kuandika kuhusu utaratibu wa maumbile. Lakini hesabu yao iliwalazimisha kuuliza. Pierre-Samuel Du Pont, aliyehariri jarida la kundi hilo, alichapisha mwaka 1771 hesabu ya gharama za kazi ya mtumwa: bei ya kumnunua, vifo, ulinzi, uvivu wa asiye na malipo. Hitimisho lake lilikuwa kwamba kazi ya mtu huru ni rahisi zaidi. Mwaka mmoja hivi kabla ya hapo, Turgot alikuwa amemkasirikia kwa kubadilisha maandishi yake, sehemu ya utumwa ikiwemo, ili yalingane na msimamo wa kundi. Mtu anaweza kuzishuku tarakimu za Du Pont, na sababu za kuzishuku zipo. Jambo lisilokanika ni kwamba katika mfumo wao mtumwa alikuwa na safu yake katika daftari, hata kama safu hiyo ilikuwa ya gharama, pale wanapoandikwa farasi na majembe.

Katika itikadi ya jamhuri ya wakulima safu hiyo haipo. John Taylor wa Caroline, aliyeichapisha Arator kama kitabu mwaka 1813, alilitetea shamba dhidi ya benki na ushuru wa kulinda viwanda kwa lugha ya unyonyaji: tabaka moja linazalisha na jingine linakula. Aliyeandika hayo alikuwa mwenye watumwa. Swali la Quesnay limo ndani ya maneno yake, ila limeelekezwa mjini tu. Halikuruhusiwa kuvuka uzio wa shamba. Jefferson mwenyewe, aliyetaka viwanda vibakie Ulaya, alianzisha Monticello mwaka 1794 karakana ya misumari iliyoendeshwa na wavulana watumwa. Kazi hiyo nayo, katika lugha ya itikadi, ilikuwa sehemu ya maisha ya mkulima.

Ununuzi wa Louisiana mwaka 1803, ambao Du Pont alisaidia kuuandalia njia, uliongeza eneo la nchi karibu mara mbili kwa dola milioni 15. Kwa Jefferson hiyo ilikuwa dhamana ya ardhi kwa wakulima huru wa vizazi vingi. Louisiana ilipoingia katika Muungano mwaka 1812, na Missouri mwaka 1821, ziliingia zikiwa majimbo ya watumwa.

Jefferson kama mfasiri

Mvuto wa Ufaransa ambao hauna ubishi ulikuja baadaye, nao ulielekea upande mwingine. Mnamo Februari 1804 Jefferson alimwandikia Jean-Baptiste Say kumshukuru kwa kitabu chake, akahoji kama mgawanyo wa kazi kati ya kilimo na viwanda unaofaa Ulaya unaweza kufaa katika nchi yenye ardhi isiyo na mipaka. Swali hilo linastahili kusomwa na kila mshauri wa sera anayepokea nadharia iliyotengenezwa kwingine. Mwaka 1811 alisaidia kutolewa mjini Philadelphia kwa uchambuzi wa Destutt de Tracy juu ya Montesquieu. Kisha mwaka 1816, akiwa mzee wa miaka 73, alikaa Monticello akisahihisha tafsiri ya kitabu cha uchumi cha Tracy huyo huyo, kilichochapishwa Georgetown kikiwa na tarehe ya 1817.

Kitabu hicho kinaibomoa fisiokrasia. Kwa Tracy, kila kazi inayoongeza manufaa ya kitu ni uzalishaji, iwe ya shambani, karakanani au ya usafirishaji. Tabaka tasa lipo, lakini si la mafundi: ni la wanaokula pango na riba bila kufanya kazi. Neno la Quesnay limebaki na mtu wake amebadilishwa. Mnamo Januari mwaka huo huo wa 1816, Jefferson alikuwa amemwandikia Benjamin Austin kwamba sasa mwenye kiwanda awekwe kando ya mkulima. Na Aprili alimwambia Du Pont kwamba wote wawili wanawapenda watu, ila Du Pont anawapenda kama watoto wachanga wa kulelewa, na yeye kama watu wazima wa kujitawala. Du Pont alikufa mwaka uliofuata huko Delaware, karibu na kiwanda cha baruti alichokianzisha mwanawe mwaka 1802. Wafisiokrati wachache wamepata wazao wenye viwanda vingi kuliko yeye.

Uteuzi wa maneno kwa Kiswahili

Maandishi haya yanapofasiriwa au kufundishwa kwa Kiswahili, neno lililo karibu kabisa ni mkulima, nalo huwafunika wote: mpangaji mwenye mtaji wa Quesnay, mwenye shamba dogo wa Jefferson, bwana wa Taylor mwenye watumwa, na mtumwa mwenyewe. Kiswahili hakijakosa njia. Mnyambuliko wa kulima na kulimisha unatenganisha anayeshika jembe na anayelishikisha, na lugha ya pwani ya karne ya 19, ambamo mwenye shamba la karafuu Unguja na Pemba hakuwa mtu wa kupalilia mikarafuu yake, iliizoea tofauti hiyo. Hata hivyo matumizi ya leo yanaifuta: husemwa kwamba fulani analima kahawa, ingawa wanaoilima ni vibarua wake, na waraka wa sera unaozungumzia ruzuku kwa mkulima hauelezi kama fedha zitaishia kwa mmiliki, kwa mpangaji au kwa kibarua.

Kwa sura ya 19 ya Jefferson, basi, neno mkulima likiachwa peke yake litarudia kosa lililomo katika matini ya asili. Mwenye shamba anayelima mwenyewe ni fungu refu na zito, lakini ndilo lenye maana aliyoikusudia. Kwa Quesnay, mpangaji wa shamba panafaa, na tabaka tasa libaki na maelezo yake. Kwa Taylor, neno ni mlimishaji.